Kashfa: Kusema Kweli Si Udhuru

Watu wengi wakikatazwa kumtaja mtu kwa aibu yake hujibu: "Mimi sizui, nasema kweli." Jawabu hili ladhaniwa kuwa ni hoja. Na tulipime.

Aibu ni jambo alilo nalo mtu. Fedheha ni kuonekana kwake mbele za watu. Na kashfa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kufunua kilichofunikwa. Basi mwenye aibu ni mmoja, na mwenye kuigeuza ikawa fedheha aghalabu ni mwengine.

Katika sheria ya serikali ya Kenya, mwenye kudaiwa kwa kashfa husalimika akithibitisha kuwa alilonena ni kweli. Sheria ya Kiislamu haikomei hapo. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kumtaja nduguyo kwa jambo alichukialo, nalo analo, ndiko kusengenya, na ikiwa hanalo, hiyo ni buhtani. Yaani ukweli hukutoa katika dhambi moja ukakuacha katika nyengine.

Tuhuma ya zinaa ni nzito zaidi. Sura ya Nur, aya ya 4, yataka mashahidi 4; asiyewaleta hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Mwaka wa 17 Hijri, zama za Sayyidna Umar, watu walimshuhudia liwali wa Basra (jina lake hatuna haja nalo). Watatu waliafikiana, wa nne hakuthibitisha kuwa aliliona tendo lenyewe. Sayyidna Umar akaamrisha wale watatu wapigwe, na mmoja wao, Abu Bakra, alikuwa sahaba wa Mtume. Hakurudi katika kauli yake, wala yakini yake haikumfaa.

Leo kadhi wa Kenya hana amri ya mijeledi. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Lakini dhambi haikuondoka pamoja na mijeledi. Neno moja la barazani, au lililopelekwa kwa simu, laweza kumkalisha binti wa watu miaka bila ya kuposwa, na hapana shahidi hata mmoja.

Hatusemi kila ovu lifichwe. Aliyedhulumiwa ana haki ya kumtaja dhalimu wake kwa hakimu, na aulizwaye habari za mposaji aseme alijualo kwa kadiri ya haja. Na mali ya wakfu au ya yatima ikiliwa, kunyamaza ndiyo hatia. Ajabu ni kuwa hapo ndipo tunapojua kusitiri: jina la mla wakfu hunong'onezwa, na la mwanamke asiye na mtetezi hupigiwa mbiu.