Volti Zipo, Mkondo Je?

Gari linawaka lakini linamisi. Injini inatetemeka, silinda moja imelala. Fundi anachomoa soketi ya nozeli, anaweka mita, anasoma volti 12.6. "Umeme upo," anasema, na nozeli mpya inanunuliwa. Inafungwa, gari linamisi vilevile. Mita ilisema kweli. Tatizo ni kwamba ilipima wakati umeme haufanyi kazi yoyote.

Tuanze na nozeli yenyewe. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Mkondo wa umeme ukipita, koili huwa sumaku, huvuta kisindano, petroli ikapuliziwa. Mkondo ukikatika, springi hukirudisha kisindano mahali pake. Katika magari mengi ya petroli koili hiyo ina ukinzani wa omu 12 hadi 16. Tuchukue 14. Kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inatwambia tugawe volti kwa omu: 12.6 kwa 14 ni ampea 0.9. Huo ndio mkondo ambao nozeli inauhitaji.

Unafikaje? Kutoka betri, kupitia fyuzi na rilei, waya wa chanya hufikisha umeme kwenye nozeli mara tu swichi inapowashwa. Waya wa pili huenda kwenye kompyuta ya gari, nayo huuunganisha na hasi kwa milisekunde chache tu, kisha huukata.

Sasa kiungio kimoja cha waya wa chanya kimeota kutu na kuongeza omu 6. Jumla ni omu 20, na mkondo unashuka hadi ampea 0.63. Kutu peke yake inakula karibu volti 3.8, nozeli inabakiwa na 8.8. Sumaku inadhoofu, kisindano kinachelewa kufunguka, na muda wenyewe ni milisekunde chache. Silinda inakosa petroli.

Mbona mita ilisoma 12.6? Soketi ilikuwa imechomolewa, mkondo haukupita. Sufuri mara omu 6 ni sufuri: kutu haikupata cha kula. Ni kama bomba lililojaa uchafu. Ukifunga koki, presha ni ileile. Ukifungua, maji yanachuruzika.

Kwa hiyo upe waya kazi. Chukua balbu ya volti 12, wati 10, ambayo hutumia karibu ampea 0.8, sawa na nozeli. Iunge kati ya pini ya chanya ya soketi na hasi ya betri. Ikiwa inawaka, weka mita kati ya chanya ya betri na pini ile. Ukisoma chini ya nusu volti, njia ni nzima. Ukisoma 3 au 4, sogeza ncha ya mita kurudi nyuma, kiungio hadi kiungio, hadi kwenye rilei na fyuzi. Pale usomaji unapoporomoka ghafla, umeupita ugonjwa.

Upande wa kompyuta usitumie balbu. Tumia taa ndogo ya LED kati ya pini mbili za soketi, injini ikizungushwa. Ikipepesa, amri inafika. Lakini LED hunywa mkondo kidogo mno, hivyo haithibitishi kwamba waya ni mzima. Mwisho, pima omu za koili na uzilinganishe na za nozeli nyingine.

Nguvu za mpagazi hujulikana akishajitwika mzigo. Mtwike waya mzigo wake kwanza, ndipo uende dukani.