Kutoka Goma kwa Jeep: Piga Hesabu ya Kurudi Kabla ya Kwenda

Dereva anayevuka jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, huhesabu maji, mafuta na matairi kabla ya kuwasha gari, kwa kuwa mbele yake hakuna duka wala fundi. Kwetu Kivu ya Kaskazini hakuna mchanga wa jangwa. Kuna mawe makali ya volkano, tope la msitu wa Walikale na nyika ya Rwindi ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako unaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona nyumba. Hata hivyo hesabu ni ile ile, na kanuni yake ni moja: usifike mahali ambapo huwezi tena kurudi.

Njia kwanza, gari baadaye

Swali la kwanza ni nani anaishika barabara leo, na nani anaishika mbele zaidi. Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, safari ya kwenda Butembo na Beni kupitia Rutshuru na Kanyabayonga imekuwa safari ya kutoka upande mmoja wa vita kwenda mwingine. Njia ya Sake kuelekea Walikale ni hivyo hivyo. Ndiyo maana watu wengi wa Goma wanaokwenda Beni huzunguka kupitia Rwanda na Uganda, wakafika Kasese, kisha wakaingia tena Congo kwa mpaka wa Kasindi. Ukichagua njia hiyo, hakikisha karatasi za gari zimekamilika, una kadi ya njano ya bima ya COMESA, na unakumbuka kwamba Uganda magari hupita kushoto.

Usiridhike na maneno ya mtu mmoja. Waulize madereva wa malori walioingia mjini asubuhi hiyo. Mpigie simu mtu anayeishi katikati ya njia, si yule wa mwisho wa safari tu. Habari ya juzi imeshachacha. Tarehe 22 Februari 2021, balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo waliuawa karibu na Kibumba, katika barabara ya Rutshuru iliyokuwa imeruhusiwa kupitwa bila ulinzi. Safari yao ilikuwa imeandaliwa na shirika kubwa la Umoja wa Mataifa. Ruhusa ya karatasi haimwondolei msafiri kazi ya kuuliza tena asubuhi ya safari.

Ukipata habari mbili zinazopingana, amini ile mbaya, uahirishe.

Mafuta: hesabu ya pande mbili

Pima gari lako mwenyewe, usitegemee la jirani. Tuseme linakula lita 15 kwa kilomita 100 kwenye barabara nzuri. Kwenye tope na milima, ongeza nusu: lita 22 na nusu. Safari ya kilomita 300 itahitaji takriban lita 68. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Je, ukikuta daraja limevunjika kwenye kilomita 200? Utakuwa umekwenda 200 na utarudi 200, yaani lita 90. Hizo 90 ndizo za kubeba, na kilomita 200 ndiyo mwisho wa kugeuka, isipokuwa una uhakika wa mafuta mbele.

Akiba iwe kwenye bidoni za chuma, zimefungwa vizuri nje ya chumba cha abiria. Ukilazimika kununua kwa kadhafi, yaani muuza mafuta wa kando ya njia, usimimine moja kwa moja kwenye tanki. Jaza chupa safi ya plastiki, iweke juu ya boneti, subiri dakika kumi. Kama kuna maji, yatashuka chini na utaona mstari unaoyatenganisha na mafuta. Mafuta ya namna hiyo yaache. Beba pia filta mbili za mafuta, maana filta iliyoziba husimamisha gari zima kama injini iliyokufa.

Maji katika nchi ya mvua

Mgeni hushangaa: mvua inanyesha, majani ni ya kijani, lakini kati ya Goma na Kibumba hakuna mto. Mawe ya volkano yamejaa matundu, maji yanazama papo hapo, na wenyeji huishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga. Kwa hiyo usitegemee kuchota njiani. Beba lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na za siku 2 zaidi ya zile ulizopanga. Maji ya kijito cha mbele yachemshe mpaka yatokote. Kwenye nyanda za juu za Lubero yaache yatokote dakika 3. Kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa katika mkoa wetu.

Matairi: lava si mchanga

Anayepita kwenye mchanga hupunguza upepo wa tairi ili likanyage kwa upana. Kwenye mawe ya lava, kufanya hivyo ni kulikata tairi: ubavu hujitokeza nje na jiwe huupasua, na ubavu uliopasuka hauzibiki. Kwenye mawe acha upepo wa kawaida na upunguze mwendo. Kwenye tope unaweza kuupunguza kidogo, ila uwe na pampu ya kuujaza tena. Chukua tairi mbili za akiba, si moja.

Vifaa vingine havina ufahari, lakini ndivyo vinavyorudisha watu nyumbani: jeki pamoja na ubao mnene wa kuikalisha ili isizame, beleshi, panga, minyororo ya matairi, kamba imara ya kuvutia, tochi na sanduku la dawa. Kama gari lako ni Land Cruiser ya zamani, yenye kufuli za magurudumu ya mbele zinazofungwa kwa mkono, zifunge kabla ya kuingia topeni. Kwenye dimbwi, shuka kwanza ukapime kina kwa fimbo. Gari likivutwa kwa kebo, watu wote wasimame mbali, kwa kuwa kebo ikikatika huweza kuua.

Mizigo mizito iwe chini na katikati. Na ikiwezekana, msiende gari moja. Gari la pili ndilo winchi bora kuliko zote.

Vizuizi na simu

Kwenye kizuizi, punguza mwendo mapema, shusha kioo, zima muziki, mikono ionekane. Salimia kwanza. Usipige picha za askari wala za daraja. Simu ya satelaiti au redio bila kibali inaweza kukufanya udhaniwe mpelelezi, kwa hiyo beba kibali chake au usiibebe.

Mwachie mtu mmoja nyumbani karatasi yenye njia, majina ya abiria, saa za kupiga simu na namba za watu wanaoishi katikati ya njia. Mwelewane kabisa: saa fulani ikipita bila habari, amwite nani. Lakini njia yako usiitangaze kwenye WhatsApp.

Mahali pa kulala

Panga kufika kabla ya giza, kwenye kijiji, kituo cha afya au parokia. Magharibi ya Goma, kuelekea Sake na kando ya Ziwa Kivu, kuna hatari isiyoonekana: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, hukusanyika kwenye mabonde na mashimo, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi. Imeua mifugo na watu. Ukiona wadudu au ndege waliokufa shimoni, ondoka, usishuke kuangalia. Lala mahali pa juu, wala usilale chini ya gari lililoegeshwa bondeni.

Uangalie pia mlima wa volkano. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru usiku mmoja. Sikiliza taarifa za Kituo cha Volkano cha Goma kabla ya kutoka.

Saa ya kugeuka

Kabla ya kuondoka, andikeni mambo matatu: kilomita ya mwisho, saa ya mwisho, na habari ambayo mkiisikia mtarudi bila mjadala. Andikeni mkiwa nyumbani, tumbo limeshiba na akili imetulia, kwa kuwa jioni topeni ni uchovu na aibu ndivyo vitakavyoamua. Mpeni dereva haki ya kusema "turudi", hata kama mwenye gari ni mkubwa wake. Mzigo utapelekwa wiki ijayo, na mkutano utafanywa siku nyingine. Dereva anayegeuza gari kwa wakati ameifanya kazi yake vizuri, naye anastahili kulipwa kama aliyefika.