SOMO KWA VYAMA: ANAYESIFU KAMARI HULIPWA NA NANI?



Msimu wa malipo unapofika, fedha ya mkulima huwa na wageni wengi. Zamani mgeni alikuwa mcheza karata tatu nje ya ghala. Siku hizi huingia kwa simu, naye ni mwimbaji, mchekeshaji au mchezaji apendwaye na vijana wetu. Huonyesha gari na nyumba, kisha husema: jiunge na kampuni hii ya kamari, au nunua sarafu hii ya kidijitali, nawe utafanikiwa. Somo hili lahusu wajibu wa mtu huyo, na wajibu wetu sisi tunaoaminiwa na wenzetu.

1. Kinachouzwa ni imani

Mwenye duka akisifu mbegu zake hadanganyi mtu kuhusu nafsi yake. Kila mmoja ajua kuwa ni mali yake. Lakini mshawishi wa mitandaoni huzungumza kama rafiki, na mara nyingi msikilizaji hajui kuwa rafiki huyo amelipwa.

Malipo yenyewe ni ya namna mbalimbali. Wako wanaolipwa kwa tangazo. Wako wanaolipwa kwa kila mtu ajiandikishaye kwa namba yao maalumu, na baadhi yao hupewa asilimia ya fedha wanazopoteza wale waliowaleta. Hapo ukipoteza wewe, ndipo apatapo yeye. Katika sarafu za kidijitali, wengine hupewa sehemu ya sarafu zenyewe. Huzisifu, bei ikapanda, wakauza. Na wanunuzi wa mwisho hubaki na hasara.

2. Mifano miwili

Mwaka 2021 Kim Kardashian wa Marekani alitangaza katika Instagram sarafu za EthereumMax. Alama fupi ya kuonyesha kuwa ni tangazo ilikuwapo, lakini hakueleza kuwa alilipwa dola 250,000. Mwezi Oktoba 2022, bila kukiri wala kukana kosa, alikubali kulipa dola milioni 1.26 ili kumaliza shauri lake na tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na dhamana. Sheria ya huko yamtaka mtangazaji wa dhamana aseme nani amemlipa na kiasi gani.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Tarehe 29 Aprili 2025 walisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwezi Mei wakatoa mwongozo uliokataza watu maarufu kutumiwa kuitangaza. Kwa upande wetu, mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kuwa sarafu za namna hiyo si fedha halali nchini.

3. Hesabu ya mkeka

Tuchukue mfano mwepesi. Mechi tano, kila moja ina nafasi sawa ya kupata au kukosa, na kampuni hulipa shilingi 1.90 kwa kila shilingi 1 katika kila mechi. Watu 32 wanaweka shilingi 1,000 kila mmoja, jumla 32,000. Kwa wastani ni mmoja tu atakayepatia mechi zote tano, naye atapewa shilingi 24,761. Shilingi 7,239 hubaki kwa kampuni. Mshawishi atamwonyesha huyo mmoja akicheka. Wale 31 hawaonyeshwi. Hajasema neno la uongo, lakini amewapotosha watu.

4. Je, mtu mzima hana akili yake?

Wengine hujitetea kwamba hawamlazimishi mtu. Ni kweli, lakini mtu huchagua vema akiwa ameelezwa yote. Kutaja malipo ni wajibu wa kwanza, wala si wa mwisho. Mwenye kusifu jambo ajiulize: je, ningemshauri mama yangu aweke humo fedha ya mavuno yake? Akiona haya kujibu, anyamaze.

5. Wajibu wa viongozi wa vyama

Kwa mwanachama wa kijijini, neno la katibu lina uzito kuliko la mwimbaji. Kwa hiyo:

(a) Kiongozi asisambaze namba yake ya kamari au ya sarafu katika kundi la simu la chama.
(b) Kiongozi mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa ayatamke, kisha atoke kikaoni.
(c) Fedha ya chama isiwekwe katika michezo wala sarafu hizo, hata kwa siku moja.
(d) Mwanachama aliyepoteza asichekwe. Aibu humfanya akope kwa siri ili arudishe alichopoteza. Asaidiwe kupanga madeni yake, na ahimizwe kuweka akiba kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Mshawishi akisema wazi kuwa amelipwa, je, wajibu wake umekwisha?
2. Kijana akiwaonyesha picha ya mshindi, mtamwuliza maswali gani?
3. Chama chenu kina kanuni gani kuhusu kiongozi anayepokea malipo kwa kuwapelekea wafanyabiashara wanachama wake?

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika