Simu Iwekwe Sikioni Mwa Mgonjwa

Somo la kikundi: kumtunza nyumbani aliyepatwa na kiharusi



Chukueni mfano wa jaduong' mmoja huku kwetu Pap Onditi. Alianguka kwa kiharusi, akarudi nyumbani na mkono wa kulia umelegea. Mwezi wa kwanza alijitahidi, akatembezwa uani. Kisha akaacha. Sasa anageukia ukuta, chakula anakisukuma, hata habari za redio hataki. Watu wa nyumbani wanasema ni kiburi. Jirani ananong'ona eti ni chira. Muuguzi akipiga simu kuuliza hali, mke wa mwanawe anapokea: "Anaendelea vizuri tu." Simu inakatwa. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa neno.

Hicho si kiburi wala si chira, jamani. Kiharusi ni mshipa wa damu ubongoni kuziba au kupasuka, na karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopatwa nacho huingiwa pia na unyogovu, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Ubongo wenyewe umeumia. Ongeza aibu ya mzee kuoshwa na watoto wake. Na huzuni hiyo hurudi mwilini: aliyekata tamaa hafanyi mazoezi, dawa ya presha anaiacha, na kiharusi cha pili kinakaribia.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, pamoja na simu za kazi. Mjueni wa kijiji chenu. Lakini simu ya kabambe nayo yatosha. Kikundi kiweke siku moja ya juma, kichangie kredo, na mtu yule yule apige kila mara ili mgonjwa azoee sauti yake. Asalimie wa nyumbani, halafu aombe: "Tafadhali mpe jaduong' simu." Akishapewa, wengine watoke nje kidogo. Mbele ya mkaza mwana, mzee gani atasema analia usiku?

Kuna maswali mawili wanayoyatumia hata hospitalini. Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukosa matumaini? Umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Akijibu ndiyo, hata kwa moja, apelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali akapimwe vizuri. Ziko dawa na yako mazungumzo ya kutibu. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo asiziache wiki ya pili eti hazifanyi kitu.

Wengine kiharusi huwafunga ulimi. Hapo simu peke yake haitoshi, mtu aende akae naye. Muulize maneno mafupi, swali moja moja, naye ajibu kwa kutikisa kichwa au kubana kidole chako. Msidhani hana akili kwa kuwa hana sauti. Na akilia au kucheka ghafla bila sababu, yaweza kuwa jeraha la ubongo tu. Msimcheke. Mwelezeni muuguzi.

Akisema afadhali afe, msimkemee. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi wazo hilo. Asiachwe peke yake, dawa za shamba na za vidonge zitolewe karibu naye, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Jambo dogo lakini linaumiza: msimpige picha au video mkaitia kwenye grupu ya WhatsApp ya kikundi bila ruhusa yake. Mzee aliyeheshimiwa barazani hataki kuonekana akilishwa kwa kijiko.

Msimsahau anayemtunza pia. Yeye ndiye anayemgeuza usiku (msimvute kwa mkono uliolegea, bega huchomoka), na naye huchoka mpaka akanyamaza. Akipigiwa simu, aulizwe habari zake mwenyewe, siyo za mgonjwa tu.

Ya kujadili mkikutana: Ni nani katika kijiji chetu amerudi kutoka hospitali na hatujasikia sauti yake? Nani atampigia, siku gani? Mkeka wake waweza kutolewa nje chini ya mti, kikundi kikafanyia mkutano hapo?