Kupiga Picha za Ndege Kwenye Theluji

Swali: Mpigapicha anayeanza, anayetembea katika bustani za London majira ya baridi, afanye nini ili ndege wadogo wasitoke weusi theluji inapoanguka?

Jibu: Kipimamwanga cha kamera, yaani sehemu inayokadiria mwanga unaohitajika, huichukulia kila mandhari kana kwamba ni ya kijivu cha wastani, hivyo theluji inapojaa kwenye fremu hupunguza mwanga wa picha, na ndege aliyesimama juu yake hutoka mweusi. Dawa ni kuongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 2, kila hatua ikizidisha mwanga maradufu. Ndege wa kuanza naye ni robini, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ambaye, awe dume au jike, huimba majira ya baridi akilinda eneo lake. Anapotutumua manyoya hadi akawa kama mpira, huwa amenasa hewa kati ya manyoya hayo ili ahifadhi joto, na hapo ndipo anapopendeza zaidi. Kwa kuwa mchana wa Desemba una saa 8 hivi tu za kutafuta chakula, kumfukuzia kutoka tawi hadi tawi ni kumdhulumu. Heri kutulia, kwani robini husogea mwenyewe, hasa pale udongo unapochimbuliwa.