Somo: Kulitayarisha Bwawa la Samaki la Uani Kabla ya Baridi



Kila mwenye mikarafuu anajua kuwa mti wake haumpi fedha kila mwezi. Huzaa sana mwaka mmoja, kisha hupumzika. Na hata mwaka wa mavuno mazuri pana miezi mingi ya kungoja. Kwa sababu hiyo wako miongoni mwetu waliochimba bwawa dogo nyuma ya nyumba na kutia perege, wapate kitoweo cha watoto na cha wachumaji, na wakijaliwa, cha kuuza kidogo. Somo la leo ni juu ya bwawa hilo katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, yaani wakati wa kipupwe.

Somo hili nimelipata mbali na visiwa vyetu. Mpwa wangu ameolewa Songea, mkoani Ruvuma, na nyumba yao iko Lizaboni. Mwaka uliopita nilikwenda kuwatazama mwezi wa Juni. Songea iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,150. Mvua zake hukoma Aprili, kisha pepo za kusi, hizi hizi tunazozijua sisi, hupanda bara na kuwaletea baridi hasa. Usiku watu huota moto, na asubuhi mtu hatoki bila sweta. Dawa ya baridi yafaa kuulizwa kwa wakaao penye baridi. Aliyejifunza huko, huku kwetu hatashindwa.

Yaliyotokea Lizaboni

Mkwe wangu alikuwa na bwawa la mita 10 kwa mita 5, na ndani yake perege 150. Walikuwa wamefikia ukubwa wa kiganja, na hesabu yake ilikuwa awauze Desemba ili mtoto wao wa kwanza apate sare, madaftari na godoro la bweni mwezi wa Januari.

Asubuhi ya siku yangu ya tatu mpwa wangu alinigongea dirisha alfajiri. "Mjomba, njoo utazame." Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Wengine walikwisha geuka matumbo juu. Siku hiyo tuliokota 23. Kesho yake 31. Siku ya tatu 14. Watoto walikuwa wakihesabu kwa sauti, kisha wakaacha kuhesabu.

Sote tulisema ni baridi. Mkwe wangu alimpigia simu afisa uvuvi, naye akaja alfajiri iliyofuata na kipimajoto chake. Akakitia majini, akangoja, akasoma: nyuzi 15. Akauliza, "Mnawalisha nini, na kiasi gani?" Mpwa wangu akajibu kweli tupu: tangu baridi ianze wamezidisha pumba za mahindi mara mbili, na samadi ya mbuzi wameongeza kikapu kizima, kwa sababu waliona samaki wamepoa, wakadhani wana njaa. "Hata watoto tunawazidishia uji siku za baridi," alisema.

Yule afisa akaingiza mti mpaka chini ya bwawa, akauchomoa. Ulitoka na tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, na ndani yake pumba ambazo hazijaguswa. Akasema, "Hawa hawakufa kwa baridi peke yake. Wamekufa kwa chakula."

Sababu yake

Sisi binadamu na mbuzi wetu tuna joto letu wenyewe mwilini, na chakula hulichochea. Samaki sivyo. Joto lake ni lile la maji aliyomo. Perege hustawi katika maji ya nyuzi 25 mpaka 30. Yakishuka chini ya 20 huacha kuzaa na hula kidogo sana. Yakifika 16 hivi hukaribia kuacha kula kabisa. Yakidumu katika 10 au 12 ndipo baridi yenyewe humwua. Basi katika nyuzi 15 samaki wa Lizaboni walikuwa wazima ingawa wamezubaa, wala hawakuhitaji pumba zile.

Pumba isiyoliwa huzama na kuoza, na samadi kadhalika. Kitu kinachooza majini hula hewa ile ile anayovuta samaki. Mchana jua likiwaka, vijimea vya kijani vilivyomo majini hutengeneza hewa hiyo. Lakini siku za mawingu hutengeneza kidogo, na usiku havitengenezi, bali navyo huitumia. Tena usiku wa baridi maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na kuyapandisha maji machafu ya chini. Ndiyo sababu samaki hutweta alfajiri, wala si saa 8 mchana.

Mambo mengine mawili yaliongeza msiba. Kingo za bwawa zilikuwa zikivuja, maji yakabaki nusu mita tu. Na upande wa mashariki palikuwa na mwembe mkubwa uliolinyima bwawa jua mpaka saa 5.

Matayarisho ya mwezi wa Mei

Kazi ya baridi hufanywa kabla ya baridi. Fuata haya kwa taratibu.

Kwanza, punguza samaki. Vua wakubwa mwezi wa Mei, ule na uuze, ubakize wanaoweza kukaa kwa nafasi. Perege wawili au watatu kwa kila mita moja ya mraba wanatosha katika bwawa la uani lisilo na mashine ya hewa. Usingoje Julai kuvua, kwa sababu samaki aliyeshikwashikwa wakati wa baridi huchubuka, na penye mchubuko huota ukungu mweupe kama pamba.

Pili, ondoa tope. Ukiwa na nafasi ya kulikausha bwawa, likaushe, uchote tope jeusi na kulipeleka kwenye migomba. Usipoweza, litoe kwa ndoo pole pole pembezoni, kidogo kila siku, usilivuruge lote kwa mara moja.

Tatu, ziba kingo na uongeze kina. Tumia udongo wa mfinyanzi uliolowa, ushindilie kwa mchi au kwa miguu. Maji yawe mita 1 upande wa kina kidogo na mita 1 na nusu upande wa kina kirefu. Maji machache hupoa upesi kama chai ndani ya sahani. Maji mengi hupoa taratibu kama chai ndani ya birika.

Nne, lipe bwawa jua. Kata matawi yanayozuia jua la asubuhi. Usiukate mti, maana wataka maembe pia. Majani yanayoanguka majini yaokotwe kila siku, kwa kuwa nayo huoza.

Tano, zuia upepo. Upande unakotoka upepo wa kusi simamisha ua wa matete au makuti, mbali kidogo na maji usije ukaleta kivuli. Mwenye bwawa dogo sana anaweza kutandika nailoni nyeupe juu ya fito sehemu ya bwawa, usiku tu, na kuacha nafasi ya hewa kupita.

Sita, angalia maji yanayoingia. Maji ya kijito cha mlimani ni baridi sana alfajiri. Funga mfereji jioni, uufungue mchana jua likiwa kali.

Saba, tega wavu juu. Samaki aliyezubaa kwa baridi hakimbii, na mdiria na korongo wanalijua jambo hilo kuliko sisi.

Hesabu ya chakula

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Tuseme una perege 100, kila mmoja uzito wa gramu 100. Wote pamoja ni kilo 10. Wakati wa joto huwapa sehemu 3 katika kila 100 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 300. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, wape sehemu 1 tu, yaani gramu 100. Yakifika 16, acha kabisa mpaka yapate joto.

Walishe mara moja kwa siku, kati ya saa 6 na saa 8 mchana, maji yakiwa yamepata jua. Tupa kidogo mahali pamoja, kisha simama utazame. Wakipanda kula, ongeza kidogo. Dakika 15 zikipita na chakula kingali kinaelea, hiyo ndiyo shiba yao, kesho punguza. Siku ya mawingu mazito, usiwalishe. Perege mzima aliyelala siku chache bila pumba hafi, kwa kuwa yumo ndani ya maji yenye vijani vya kujipatia.

Samadi isimamishwe maji yakishuka chini ya nyuzi 20. Kama huna hakika maji yametosha rutuba, ingiza mkono mpaka kiwiko. Usipouona mkono wako, maji yana rutuba ya kutosha, usitie kitu.

Kipimajoto si ghali, nacho hulipa bei yake. Pima mara mbili, saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri, uandike katika daftari. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakufundisha habari za bwawa lako kuliko somo hili.

Ukiona wanatweta

Usitupe chakula. Ingiza maji mapya polepole ukiyamwaga toka juu ili yachanganyike na hewa, au chota maji ya bwawa lenyewe kwa ndoo na kuyarudisha kwa kumwaga toka juu. Toa waliokufa mara moja. Simamisha chakula na samadi siku kadhaa. Hivyo ndivyo tulivyofanya Lizaboni kwa amri ya yule afisa, na tangu siku hiyo hatukuokota tena hata mmoja.

Vifaranga vipya visitiwe katika baridi. Ngoja mpaka Septemba. Walio Songea hawana haja ya kuvitafuta mbali, kwa kuwa kituo cha Serikali cha ukuzaji viumbe maji kiko huko huko, Ruhila, na elimu hupatikana pia.

Visiwani kwetu

Mwanachama atasema, "Sisi hatuna nyuzi 15." Ni kweli, baridi yetu haiui perege. Lakini mawingu tunayo, na mavuno tunayo. Julai na Agosti, karafuu zinapoanza kuchumwa, mwenye bwawa yuko shamba tangu alfajiri. Anayebaki nyumbani humwaga ndoo nzima ya pumba asubuhi ili amalize kazi, naye huenda kuanika karafuu. Hapo tunafanya kosa lile lile la Lizaboni bila hata baridi yake. Mpe mtoto mmoja kazi hiyo, umfundishe kutazama kabla ya kutupa.

Tena tukumbuke historia. Ufugaji wa perege Tanganyika ulianza kujaribiwa mwaka 1949 huko Korogwe na Malya. Ilipofika 1968 mabwawa yalihesabiwa kuwa kama 8,000, lakini mengi hayakuwa na faida, kwa sababu yalikuwa madogo, na yakishachimbwa hayakutunzwa ipasavyo. Kuchimba ni kazi ya wiki moja, na majirani huja kusaidia. Kulitazama bwawa kila alfajiri ni kazi ya mwenyewe.

Mkwe wangu alibaki na samaki 82. Mei ya mwaka huu alivua mapema, akaziba kingo, akakata matawi mawili ya mwembe. Mtoto alikwenda shule Januari kwa godoro la kuazima. Mpwa wangu ameniandikia kuwa safari hii hesabu ya godoro imo ndani ya bwawa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeshika kopo la pumba.

Maswali ya kujikumbusha

1. Kwa nini samaki hutweta alfajiri kuliko mchana?
2. Una perege 60, kila mmoja gramu 150. Maji ni nyuzi 18. Utawapa chakula gramu ngapi kwa siku?
3. Taja kazi tatu za mwezi wa Mei ambazo hazifai kungojea Julai.
4. Siku za mavuno ya karafuu, nani nyumbani kwako atalitazama bwawa? Mwandike jina lake leo.

Jibu la swali la 2: samaki wote ni kilo 9, basi gramu 90.