Dawa ya presha na mimba: wanyama walituonya mapema

Kijitabu hiki ni cha mama anayemeza vidonge vya presha na bado yuko katika umri wa kuzaa, awe Bukoba mjini, Kamachumu, Nshamba au visiwani. Tazama pakiti yako. Ikiwa imeandikwa captopril, enalapril, lisinopril au losartan, soma hadi mwisho, na baba watoto naye asome.

Dawa inafanya nini mwilini

Mwaka 1934 Harry Goldblatt, daktari wa Cleveland, Marekani, alibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa. Presha ya mbwa hao ikapanda na kubaki juu. Figo ikipata damu kidogo hutoa renini, na mwishowe mwili hutengeneza angiotensini ya pili. Hiyo hukaza mishipa na kuzuia chumvi na maji visitoke. Moyo husukuma kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, hadi misuli yake inakuwa minene na kuchoka.

Njia ya kuizuia angiotensini hiyo ilipatikana kwenye sumu ya jararaca, nyoka wa Brazili. Sérgio Ferreira aliichunguza sumu hiyo miaka ya 1960, na maabara ya John Vane jijini London ikagundua kwamba inazuia kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini ya pili. David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb wakaiga kazi ya sumu hiyo na kutengeneza kidonge, captopril. Panya waliobanwa mshipa wa figo walipopewa, presha ilishuka. Mwaka 1981 Marekani iliiruhusu. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi, nasi hatuandiki haya ili uiogope.

Kondoo na sungura

Mwaka 1980 watafiti wa Uingereza walieleza yaliyowapata kondoo na sungura wenye mimba waliopewa captopril: watoto walifia tumboni. Inauma kwamba onyo lile lilichelewa kusikika. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kali mwaka 1992, wakati watoto wa binadamu walikuwa wamekwisha kuathirika.

Sababu yake ni hii. Mtoto aliye tumboni anahitaji angiotensini ileile ili figo zake zikue na kufanya kazi. Dawa hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia. Mkojo wake hupungua, na kwa kuwa maji ya uzazi katika miezi ya mwisho ni mkojo wa mtoto kwa sehemu kubwa, nayo hupungua. Mapafu hayapati nafasi ya kukua. Losartan hufanya kazi kwa njia tofauti kidogo, lakini hatari kwa mtoto ni ileile.

Ufanye nini

Usiache dawa kimyakimya. Presha isiyotibiwa katika mimba huleta kifafa cha mimba na kiharusi, na humuua mama pamoja na mtoto. Ukikosa hedhi, nenda mara moja kituo cha afya upimwe na ubadilishiwe dawa. Methyldopa na nifedipine hutumika kwa wajawazito. Ukipanga kupata mtoto, sema hata kabla ya kubeba mimba. Mlio Bumbire na Goziba, msingoje vidonge viishe ndipo mtafute mtumbwi wa kuja nchi kavu.

Dukani, usinunue dawa kwa kuonyesha pakiti ya jirani au ya mama mkwe. Yeye amekwisha pita umri wa kuzaa, wewe bado.

Captopril na ndugu zake, yaani zile zenye majina yanayoishia na "pril", huweza pia kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Mweleze daktari. Midomo, ulimi au uso ukivimba, usimeze kidonge kingine. Kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya kliniki beba pakiti yenyewe, na kabla hujaulizwa lolote mwambie muuguzi: nina presha, nameza dawa hii, na huenda nina mimba.